Askari wa Lango Si Polisi: Namna ya Kuwasilisha Malalamiko Dhidi ya Mlinzi wa Kampuni Binafsi

Neno «askari» limebebeshwa mzigo mkubwa hapa kwetu. Kuanzia Arua Hill hadi River Oli, na kutoka mjini mpaka Koboko, anayelinda lango la duka la jumla huitwa askari, polisi aliye zamu njia panda huitwa askari, na mwanajeshi aliyerudi likizo naye ni askari vilevile. Kwa wanaovuka Vurra wakitoka Aru, au Oraba wakitoka Kaya, mkanganyiko huzidi, kwa kuwa wengi wao wamezoea kwamba askari ni mtu wa serikali mwenye bunduki, na kwamba mtu wa serikali mwenye bunduki hashtakiwi kwa yeyote. Tumeamua kuanza na neno hili kwa sababu hapo ndipo malalamiko mengi hufia kabla hayajazaliwa. Aliyepigwa na mlinzi wa duka huamini kwamba amepigwa na serikali. Na akishaamini hivyo, hajui tena amwendee nani.

Basi tuweke jambo hili wazi. Mlinzi wa kampuni binafsi ni mwajiriwa wa mfanyabiashara. Kampuni yake hufanya kazi kwa leseni inayotolewa na Inspekta Jenerali wa Polisi, chini ya Kanuni za Polisi za Kudhibiti Mashirika Binafsi ya Ulinzi za mwaka 2013. Leseni hiyo ni ruhusa ya kufanya biashara ya ulinzi, wala haimgeuzi mlinzi kuwa polisi. Sare, buti, kofia na hata bunduki aliyokabidhiwa havimwongezei mamlaka ambayo raia wa kawaida hana, isipokuwa kazi ya kulinda mali ya aliyemwajiri.

Je, mlinzi hawezi kumkamata mtu? Anaweza, na ni lazima tuseme hivyo kwa haki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, na inamruhusu mwenye mali, au mtu aliyepewa idhini na mwenye mali, kumkamata anayeiharibu mali hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inaendelea kusema kwamba raia aliyemkamata mwenziwe amkabidhi kwa polisi bila kukawia pasipo sababu, na kama hakuna polisi karibu, ampeleke kwenye kituo kilicho karibu. Inasema pia kwamba nguvu isitumike kupita ile inayohitajika ili kumzuia mtu. Mambo haya mawili, kukabidhi upesi na kutozidisha nguvu, ndiyo mpaka wa mlinzi. Akiuvuka, yeye mwenyewe amekuwa mtuhumiwa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anatoka katika duka la kujihudumia akiwa na mfuko wa sukari. Mlinzi mlangoni anaamini kwamba sukari haikulipiwa. Anaweza kumzuia, kumwomba risiti, na kupiga simu polisi. Hana ruhusa ya kumfungia stoo hadi jioni. Huko ni kumzuilia mtu kinyume cha sheria. Hana ruhusa ya kumtoza bei ya sukari mara tatu ili «yaishe», maana fedha hiyo imetolewa kwa vitisho. Kuishika simu ya mama huyo mpaka alete fedha nako si dhamana, kwa kuwa dhamana hutolewa na polisi na mahakama tu. Asimvue nguo wala kumpapasa: sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima kikamilifu. Na akimpiga kofi, hilo ni shambulio, liwe limeacha alama au halikuacha. Hata kama sukari kweli iliibwa, makosa ya mlinzi hayafutiki. Mama atajibu kesi yake, na mlinzi atajibu yake.

Kwa kipigo kikali au mateso ipo pia Sheria ya Kuzuia na Kukataza Utesaji ya mwaka 2012, ambayo haiwahusu watumishi wa serikali peke yao. Inamgusa hata mtu anayetenda kwa nafasi yake binafsi. Wako wanaodhani kwamba «mateso» ni jambo la vyumba vya siri vya dola tu. Kumfunga kijana kamba na kumchapa nyuma ya ghala ili akiri wizi kunaweza kuingia humo humo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kulalamika. Swali linalorudi kila mara ni hili: nitamlalamikiaje mtu nisiyemjua jina? Jibu ni kwamba jina si sharti. Lenye thamani kuliko jina ni mahali na saa. Kampuni ya ulinzi huwapanga walinzi wake kwa zamu, na zamu huandikwa. Ukitueleza kwamba ulipigwa mbele ya ghala fulani, barabara fulani, siku ya Jumanne kati ya saa mbili na saa tatu usiku, mpelelezi ataidai orodha ya zamu kutoka kwa kampuni, na jina litapatikana. Lakini ukija baada ya wiki tatu ukisema «ilikuwa usiku, sikumbuki siku», orodha haitusaidii kitu, kwa sababu mlinzi mmoja huweza kuwa amehamishwa malindo mawili au matatu katika kipindi hicho. Kampuni huwahamisha walinzi mara kwa mara, na baada ya ugomvi huwahamisha haraka zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla hujafika nyumbani, andika saa. Kama huandiki, mwambie mtu aandike, au ipigie simu nambari ya ndugu yako mara moja. Kumbukumbu ya simu itabaki na saa yake.

Baada ya saa, tazama sare. Rangi yake, maandishi mgongoni au begani, alama ya kampuni kwenye kofia, nambari ya beji ikiwapo. Tazama vilevile bango lililopachikwa kwenye lango, maana mara nyingi linataja kampuni inayolinda hapo. Kisha watazame waliokuwapo. Vijana wa steji ya boda boda iliyo mkabala na lango humjua mlinzi kwa sura na mara nyingi kwa jina la utani, nao wachuuzi wa karibu hujua nani hulinda usiku na nani hulinda mchana. Shahidi mmoja aliye tayari kutoa maelezo ana uzito kuliko watu kumi wanaopiga kelele barabarani na kutawanyika gari la polisi linapofika.

Ikiwa kulikuwa na bunduki, yapo mambo mengine. Bunduki ya kampuni ya ulinzi si mali ya mlinzi. Hutoka katika ghala la silaha na kurudi humo kwa maandishi: nani ameichukua, saa ngapi, na risasi ngapi. Wakazi wa Arua wanakumbuka kwamba mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi tarehe 8 Juni 2018 katika Wilaya ya Wakiso. Siku 12 baadaye Rais Museveni alilihutubia Bunge na kutangaza hatua za usalama, mojawapo ikiwa kuchukua «alama za vidole» za bunduki zote, yaani kusajili alama ambazo kila bunduki huacha kwenye risasi na kwenye ganda lake. Bunduki za kampuni binafsi ziliwekwa katika zoezi hilo. Kwa hiyo mlinzi akifyatua risasi, hata hewani, ganda lililoanguka chini ni ushahidi unaoweza kuielekeza polisi kwenye bunduki iliyolitoa. Usiliokote kulileta kituoni mfukoni. Usiwaache watoto walichezee. Lifunike kwa beseni au uweke jiwe kando yake, mwachie mtu alitazame, kisha piga 999 au 112.

Kwa aliyejeruhiwa, matibabu ni kwanza. Hakuna polisi mwenye akili timamu atakayekutaka usimame kaunta ukivuja damu. Lakini mapema iwezekanavyo, wewe au ndugu yako mchukue kituoni fomu ijulikanayo kama PF3, ambayo daktari huijaza akieleza majeraha, ukubwa wake, na kifaa kinachoweza kuwa kiliyasababisha. Fomu hii hailipiwi. Hospitali ya Rufaa ya Arua wanaifahamu, na vituo vya afya vya serikali vinaifahamu. Ubaya wa kuchelewa ni kwamba mwili hupona. Uvimbe wa rungu hutoweka kwa siku chache, na daktari atakayekuona siku ya kumi ataandika kwa uaminifu kwamba hakuona kitu. Tofauti kati ya shambulio la kawaida na shambulio la kusababisha maumivu mwilini, ambalo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 5, au kudhuru vibaya, ambako adhabu hufikia miaka 7, mara nyingi iko katika karatasi hiyo moja. Nguo zenye damu usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki, ili zisiote ukungu.

Kituoni, iwe Arua au Koboko, malalamiko huanzia kaunta. Ofisa wa zamu huandika tukio katika daftari la kituo na kukupa nambari ya kumbukumbu, ambayo watu wengi huiita nambari ya SD. Usiondoke bila nambari hiyo. Hiyo ndiyo kamba itakayokuunganisha na jalada lako, na kila utakaporudi utaulizwa hiyo kwanza. Kisha utatoa maelezo. Maelezo yasomwe mbele yako kabla hujatia sahihi au dole gumba, na kama kuna neno lisilo lako, lisahihishwe. Maelezo mazuri hufuata mwendo wa tukio: nilikuwa wapi, nikifanya nini, mlinzi alisema nini, alitumia nini, nilijibu nini, nani waliona, niliondokaje pale. Na ikiwa wewe nawe ulimtukana au ulimrushia jiwe, sema. Litasemwa na upande wa pili hata hivyo, na ni heri litoke kinywani mwako mapema kuliko kufichuliwa mahakamani mbele ya hakimu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, na kwa maoni yetu ndilo lenye nguvu zaidi katika somo zima. Malalamiko dhidi ya mlinzi yana milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa jinai, nao humfuata mlinzi kama mtu. Mlango wa pili ni wa leseni, nao huifuata kampuni. Kwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi ndiye anayetoa leseni, ndiye pia anayeweza kuisimamisha au kuifuta. Kampuni inayowapa silaha watu wasiofunzwa, inayowaficha walinzi waliotenda makosa, au inayokataa kutoa orodha ya zamu kwa wapelelezi, inachezea leseni yake. Kwa hiyo, pamoja na maelezo yako ya jinai, andika barua fupi kwa Kamanda wa Polisi wa Wilaya, ukitaja jina la kampuni, mahali, tarehe, nambari ya SD, na kile unachokilalamikia kuhusu mwenendo wa kampuni. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua ya mtu mmoja huweza kuonekana kama kisa cha bahati mbaya. Barua nne kutoka mtaa mmoja kuhusu lango moja huonyesha tabia.

Zaidi ya hiyo, mwajiri hubeba dhima ya kosa la mwajiriwa wake akiwa kazini. Gharama za matibabu, siku ulizoshindwa kufungua kibanda, pikipiki iliyovunjwa: hayo yanaweza kudaiwa kwa kampuni katika mahakama ya madai, mbali na kesi ya jinai. Weka risiti zote.

Hapo ndipo huja yule meneja mwenye bahasha. Tunamfahamu. Huja hospitalini siku ya pili na soda na matunda, husema kwamba mlinzi ana watoto wadogo, hutoa kiasi fulani cha fedha na karatasi ya kutia sahihi. Hatusemi kwamba suluhu ni haramu. Mila za Walugbara na Wakakwa zimejengwa juu ya suluhu, na hata mahakama hupatanisha watu katika makosa madogo. Tunachosema ni kwamba usitie sahihi karatasi usiyosomewa, na usikubaliane jambo lolote kabla daktari hajasema kama mkono utapona. Fedha ya siku ya pili huhesabiwa kwa maumivu ya siku ya pili. Aidha, kosa kubwa, kama vile kujeruhi kwa risasi au kunajisi, halimalizwi kwa bahasha wala na mwenyekiti wa LC1. Mabaraza ya mitaa yamepewa kazi yake na Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006, nayo ni migogoro midogo ya madai na ya kimila. Mwenyekiti anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha, anaweza kuwa shahidi, na anaweza kukusindikiza. Kuhukumu jinai si kazi yake.

Tukumbuke vilevile kwamba wapo walinzi wasio na kampuni. Mwenye duka humwajiri kijana wa kijijini, au mzee mwenye upinde na mishale, akae barazani usiku kucha. Huyo hana leseni ya kuhojiwa, lakini sheria ya jinai inamhusu sawasawa, na aliyemwajiri ndiye wa kuulizwa. Akiwa na bunduki, jambo si la malalamiko tena. Toa taarifa usiku huohuo.

Kuna ndugu zetu ambao somo hili linawagusa kwa namna ya pekee: wafanyabiashara wa kuvuka mpaka na wakimbizi. Mwanamke aliyeleta samaki au vitenge kutoka Ariwara, akanyang'anywa mzigo na mlinzi kwa kisingizio kwamba «hana karatasi», hudhani kwamba akija polisi ataulizwa karatasi kabla ya kuulizwa kilichompata. Mlinzi wa ghala si ofisa wa uhamiaji wala wa forodha. Hana kazi ya kukagua pasi ya mtu wala kushika mzigo kwa ajili ya kodi. Akifanya hivyo na kujichukulia, anaiba au ananyang'anya. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema watu wote wako sawa mbele ya sheria, na neno lililotumika ni watu, si raia tu. Mkimbizi aliyesajiliwa wa Lobule, Rhino Camp au Imvepi analindwa pia na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Hatuwezi kumwahidi mtu kwamba masuala yake ya uhamiaji hayataangaliwa kamwe, maana hilo ni la sheria nyingine na ofisi nyingine. Tunaweza kusema kwamba malalamiko yake ya kupigwa au kuibiwa hayapungui uzito kwa sababu ya kitambulisho alicho nacho au asicho nacho.

Tatizo la kweli kwa anayeishi ng'ambo ni jingine, nalo ni umbali. Kesi nyingi za aina hii haziangushwi na hila za mawakili. Huanguka kwa kuwa mlalamikaji hakutokea siku aliyoitwa. Ukiwa unarudi Aru, Yei au Kaya, mwachie mpelelezi nambari mbili za simu, yako na ya jamaa aliye upande huu, na umwambie siku zako za soko ili akupange kwa siku hizo. Uliza jina la mpelelezi wa jalada lako. Na kama Kiingereza hakikupandi, dai kusikilizwa kwa lugha unayoielewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na katika jeshi la polisi ni lugha ya kazi tangu zamani. Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala navyo vina wasemaji katika vituo vyetu.

Neno moja kwa upande wa mlinzi, maana naye ni msomaji wetu. Wengi wao ni vijana wa nyumba hizihizi, wanaosimama saa 12 juani na mvuani kwa ujira mdogo, na hutukanwa na walevi kila usiku. Kumsingizia ni kosa: anayempa ofisa wa serikali taarifa anayojua kuwa ni ya uongo anaweza kushtakiwa. Mlinzi anayeshambuliwa naye aje kulalamika kaunta hiyohiyo. Na asiyelipwa mshahara apeleke shauri lake kwa ofisa wa kazi wa wilaya au wa jiji, wala asijilipe kutoka mifukoni mwa wapita njia.

Huenda ikatokea kwamba kaunta imekupokea vibaya, umeombwa fedha ya karatasi au mafuta ya gari, au ofisa anaonekana kuwa rafiki wa kampuni. Mwendee mkuu wa kituo, kisha Kamanda wa Polisi wa Wilaya, kisha Kamanda wa Mkoa wa West Nile. Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi kipo kwa ajili ya malalamiko dhidi ya maofisa wenyewe. Nje ya polisi, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi ya kanda Arua, hupokea malalamiko bila malipo, na huhitaji kupitia kwetu ili kuifikia. Ofisa wa mahusiano ya jamii katika kituo chochote atakuonyesha ilipo, naye hana ruhusa ya kukuuliza kwa nini unaitaka.

Na siku moja, baada ya mlinzi kukamatwa, utamwona tena langoni au kwenye kibanda cha chai. Hapo hasira hupanda, na watu huanza kusema kwamba polisi wamelishwa. Dhamana ya polisi ni haki ya mtuhumiwa katika makosa mengi, haina malipo, na Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kutoka kwa dhamana si kufutiwa kosa. Jalada huendelea, huenda kwa mwanasheria wa serikali, ambaye hulisoma na kuamua shitaka, au hulirudisha kwa mpelelezi likakamilishwe. Usimwendee mlinzi huyo, wala usiwatume vijana. Akikutisha au akituma mtu akutishe ili uache kesi, hilo ni tukio jipya: rudi kaunta, taja nambari ya SD ya kwanza, na lifunguliwe ukurasa wake.